Mkesha wa Bibi Oyposhsha

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Zulhumor alimmiminia bibi yake maji ya kunawa. Alishika birika la shaba kwa mkono wa kulia, taulo likiwa begani, na huku maji yakitiririka juu ya vidole vya bibi alimuuliza swali ambalo jibu lake alilijua kwa moyo.

"Umeamkaje, Bibi?"

"Nimeamkaje? Mtu huamka akiwa amelala, mjukuu wangu. Mimi sijapata hata lepe la usingizi."

Kisha Bibi Oyposhsha alijifuta uso, akalibana paji lake kwa kiganja kwa sababu kichwa kilikuwa kikimgonga, akaenda kukaa kwenye jukwaa la mbao pale uani, chini ya mzabibu ambao bado ulikuwa haujatoa jani. Mavluda, mama yake Zulhumor, alikuwa amekwisha kufagia ua na kunyunyiza maji. Alileta chai ya kijani, mkate wa tanuri na malai ya maziwa. Mara nyingi, kabla ya bakuli la pili la chai, kidevu cha bibi kilikuwa kimeshuka kifuani. Mavluda alilitoa bakuli mkononi mwa mama mkwe wake polepole lisimwagike, akarudi jikoni.

Mtaani kwetu, hapa mjini Kokand, hakuna asiyejua kwamba Bibi Oyposhsha halali. Kwingine labda wangemwonea huruma. Sisi tulimwonea wivu kidogo. Tunaamini kwamba Nabii Khidhri hupita usiku, na mlango anaoubariki ni wa yule aliye macho. Basi mwanamke anayekesha mwaka baada ya mwaka angekuwaje mtu wa kawaida? Wanawake waliokutana naye njiani walimwomba dua. Watoto wachanga walipelekwa awashike kichwa. Na kila sikukuu ya mwaka mpya, Nairuzi, ilipokaribia, hapakuwa na mjadala juu ya nani awe mkuu wa sufuria la sumalaki.

Sumalaki haipikwi na mtu anayependa godoro. Ngano huoteshwa mpaka iwe kimea, kimea kikasagwa na kukamuliwa, na maji yake hupikwa pamoja na unga tangu mchana hadi alfajiri ya kesho yake, bila sukari hata chembe, mpaka yawe uji mzito wa kahawia wenye utamu wake wenyewe. Muda wote huo mwiko haufai kusimama. Kokoto safi za mtoni hutiwa ndani ya sufuria ili uji usishike chini, na mwiko unapozunguka kokoto hugongana, mlio wake ukasikika mpaka barabarani. Wanawake hupokezana mwiko, huimba, hutaniana, kila mmoja akinuia jambo lake moyoni. Usiku ukiwa mkubwa, mmoja mmoja huanza kutafuta kona ya kujilaza. Bibi Oyposhsha ndiye aliyekuwa akibaki.

"Shoga, wewe usingizi umekupa talaka kabisa," jirani yao Hanifa alipenda kumtania.

"Nani kakwambia? Mimi ndiye niliyemwacha," bibi alijibu. "Alikuwa mume mvivu."

Tulicheka kila mwaka, na kila mwaka utani ulikuwa ule ule.

Aliyeshindwa kucheka alikuwa Zulhumor. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa kuwa bibi alikuwa mjane, yeye ndiye aliyelala naye chumba kimoja ili asiwe mpweke, kama desturi yetu ilivyo. Alijua jambo ambalo mtaa mzima haukulijua. Bibi alikuwa akilala.

Alilala na kukoroma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Halafu mkoromo ulikatika ghafla, na pumzi nayo ikakatika. Kifua kilijaribu kupanda, koo likakataa. Zulhumor, kwenye godoro lake, alijikuta naye amebana pumzi. Alisubiri. Chumba kilikuwa kimya mno. Kisha bibi alishtuka, akavuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka majini, akakohoa, akakaa kitako.

"Ya Rabi," alisema gizani, "usiku huu nao sitalala."

Alikwenda msalani, akarudi, akajilaza, na kabla mjukuu wake hajageuka ubavu mkoromo ulikuwa umeanza tena. Ikawa hivyo mpaka asubuhi. Bibi hakuwa mwongo. Alikumbuka zile nyakati za kushtuka tu, na zilikuwa nyingi kiasi kwamba ziliujaza usiku mzima.

Siku moja Zulhumor alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, Bibi analala. Analala, halafu hapumui."

Mavluda aliangalia mlangoni kwanza. "Shusha sauti. Nani kakutuma kuchunguza usingizi wa bibi yako?"

"Sichunguzi, Mama. Nalala palepale."

"Mimi ni mkamwana hapa nyumbani," Mavluda alisema, akikata vitunguu kwa kasi kuliko ilivyohitajika. "Mama mkwe wangu akisema hakulala, basi hakulala. Nikasimame mbele ya watu niseme Bibi Oyposhsha hukoroma? Watasema nimelelewa wapi? Na wewe usilirudie hilo."

Zulhumor hakulirudia.

Mwaka ule baridi ilipoanza kuondoka, kichwa cha bibi kilimzidi. Akipanda ngazi mbili tatu alihema. Baba yake Zulhumor, Ikrom, ambaye ni dereva wa lori na huonekana nyumbani kwa nadra, alipiga simu kutoka safarini akasema hataki kusikia visingizio, mama yake aende zahanati. Mavluda alikuwa na mgonjwa mwingine, mtoto wake mdogo mwenye surua, kwa hiyo Zulhumor ndiye aliyemsindikiza bibi.

Daktari Rano alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Alimpima bibi shinikizo la damu, akakunja uso, akampima tena.

"Liko juu sana, Mama. Usiku unalala vipi?"

"Silali, binti yangu. Muulize yeyote mtaani."

"Unakoroma?"

Bibi alicheka mpaka meno yake ya dhahabu yakaonekana. "Asiyelala atakoroma na nini, jamani?"

Daktari alitabasamu, lakini hakuliacha swali lake. Alimgeukia Zulhumor. "Wewe unalala naye chumba kimoja?"

"Ndiyo, Daktari."

"Umewahi kumsikia akikoroma? Au pumzi zikimkatika usingizini?"

Zulhumor alihisi mashavu yakimwaka. Hapa palikuwa na mtu mzima aliyeuliza jambo lile lile aliloogopa kulitaja, tena kwa maneno yale yale. Ilikuwa kazi ya kusema "ndiyo" tu. Akamtazama bibi. Bibi alikuwa amekaa wima, kilemba chake cheupe kimefungwa vizuri, akimsubiri mjukuu wake aseme kile ambacho mtaa mzima ungesema.

"Hapana, Daktari," alisema. "Bibi hukesha."

Bibi akampapasa mkono. Daktari akaandika vidonge hafifu vya usingizi pamoja na dawa ya shinikizo. "Vya usingizi ni vya siku chache tu," alionya. "Usipoona nafuu, rudi mapema. Usisubiri."

Wakiwa njiani bibi alimnunulia mjukuu wake mbegu za alizeti zilizokaangwa, kifuko kizima. Zilikuwa na joto bado na chumvi ya kutosha, lakini Zulhumor alizitia zote mfukoni.

Vidonge vilifanya kazi yake, vikauleta usingizi. Na usingizi ndio uliokuwa ukimkaba bibi. Sasa kimya kilikuwa kirefu kuliko zamani. Zulhumor alisubiri pumzi irudi, akasubiri tena, mpaka akashindwa kuvumilia, akatambaa kutoka kwenye godoro lake na kumsukuma bibi begani.

"Bibi, geuka. Bibi, lala ubavu."

Bibi aligeuka bila kuamka vizuri, pumzi ikarudi, na kwa muda kidogo mambo yakawa afadhali. Kisha alirudi chali, na Zulhumor akaanza upya. Hivyo ndivyo mtoto wa miaka kumi na miwili alivyogeuka mlinzi. Alipofika shuleni macho yalimwasha kama yaliyotiwa mchanga, na siku moja, katikati ya somo la jiografia, akalaza kichwa juu ya dawati akapotea.

"Ebo! Zulhumor!" Feruza, rafiki yake, alimtikisa wakati wa mapumziko. "Kumbe unakoroma pia? Umerithi kwa bibi kukesha? Kesho tukuletee watoto uwashike kichwa?"

Wenzao wakacheka. Zulhumor naye alijaribu kucheka, lakini machozi yakamtangulia. Feruza akaacha utani hapo hapo, akamvuta hadi nyuma ya ukuta wa maktaba.

"Nini? Nani kakufanya nini?"

Zulhumor akamwambia yote, hata uongo wa zahanati. Feruza alisikiliza mdomo wazi.

"Sasa kwa nini humwambii mtu?"

"Nimwaibishe bibi yangu? Mtaa mzima unamjua kwa jambo hilo moja. Nikimwondolea hilo atabaki na nini?"

"Wewe unaogopa aibu," Feruza alisema. "Mimi ningeogopa asiamke."

Zulhumor aliyabeba maneno hayo nyumbani pamoja na mkoba wake, nayo yalikuwa mazito kuliko vitabu.

Siku ya kupika sumalaki ikafika. Mwaka ule sufuria lilikuwa uani kwa Hanifa. Tangu asubuhi wanawake walikuwa wakikamua kimea, mikono yao ikiwa myeupe hadi viwikoni, na wasichana walileta mabua ya pamba ya kuwashia moto. Mimi mwenyewe nilikuwapo, nikisaga, kwa hiyo yafuatayo sikusimuliwa na mtu.

Bibi Oyposhsha alifika baada ya sala ya adhuhuri akiwa amevaa gauni lake la hariri ya milia. Wote tulisimama. Alisema bismillahi, akatia kokoto ndani ya sufuria, akaushika mwiko mrefu kumpita yeye mwenyewe, akaanza kukoroga. Kokoto zikaanza kugongana, na ua mzima ukachangamka.

"Nuia kitu, Bibi!" alipaza sauti mmoja wa mabibi harusi wa mwaka ule.

"Nimenuia wewe upate mapacha," bibi alijibu, "upate na wewe kuonja kukesha!"

Tukacheka. Hakuna aliyeona jinsi alivyokuwa amevimba chini ya macho. Labda tuliona, tukadhani ndiyo sura ya mtu aliyebarikiwa.

Zulhumor alikuwa akiingia langoni na mzigo wa mabua mikononi wakati kokoto ziliponyamaza. Wanawake wengine hawakuzingatia. Mwiko hubadili mikono, na kokoto zikinyamaza kidogo mtu hudhani zamu imekwisha. Yeye alikijua kimya kile. Ni kile kile kilichomkalisha macho wazi usiku kucha. Aliinua uso akamwona bibi yake amesimama mbele ya sufuria, kidevu kifuani, mikono ingali juu ya mwiko, na mwili wake ukiinama taratibu kuelekea kwenye mvuke. Ncha ya kilemba ilikuwa imekwisha kugusa uji unaochemka.

Alitupa mabua, akakimbia, akamkumbatia bibi kiunoni na kumvuta nyuma kwa nguvu zake zote. Wakaanguka wote wawili kwenye vumbi. Mwiko ukapinduka, tone kubwa la uji wa moto likamrukia Zulhumor mkononi, naye akapiga ukelele.

Ua mzima ukasimama. Wengine walimnyanyua bibi, mwingine akachota maji baridi akaumiminia mkono wa Zulhumor, mwingine akadaka mwiko akaendelea kukoroga huku akilia.

"Ni kijicho hicho!" Hanifa alisema. "Leteni majani tumfukize! Watu wamemtazama mno!"

"Si kijicho," alisema bibi mmoja mzee kwa sauti ya kicho. "Malaika wameshuka juu ya sufuria. Alikuwa akiwatazama."

Bibi Oyposhsha alipepesa macho. "Nilifumba macho kidogo tu," alisema. "Kidogo tu. Nipeni mwiko wangu."

Akanyoosha mkono, na palikuwa na mtu aliyekuwa tayari kumrudishia. Hapo Zulhumor akasimama kati ya bibi yake na sufuria.

"Msimpe! Hakuwaona malaika. Alilala! Hulala kila usiku, hukoroma, halafu pumzi hukatika. Hukatika kabisa! Mimi ndiye ninayemsukuma. Daktari aliniuliza nikamdanganya, nikasema hakoromi. Nilidanganya mimi!"

Msichana mmoja alicheka pembeni, kile kicheko cha kutojua la kufanya. Bibi Oyposhsha alibadilika rangi.

"Mimi?" alisema. "Mimi hukoroma?" Aliwatazama wanawake mmoja mmoja. "Mjukuu wangu niliyemlea kwa mikono hii anivue nguo mbele ya watu, siku ya Nairuzi?"

Zulhumor alitamani ardhi impasukie. Ndipo Mavluda akatoka miongoni mwa wanawake, mikono yake ikiwa bado na majimaji ya kimea. Katika miaka yote aliyoishi nyumba ile sikuwahi kumsikia akimpinga mama mkwe wake, hata juu ya chumvi ya mchuzi. Aliinamisha kichwa kwa heshima, lakini alisema kwa sauti ya kusikika.

"Mama, mtoto anasema kweli. Nami husikia kupitia ukutani. Nilimkataza asiseme. Kosa ni langu kabla halijawa lake."

Bibi alijifunga upya kilemba chake, ncha ikiwa imelowa uji, akaondoka bila kuaga.

Zulhumor alimkuta chumbani amekaa akiutazama ukuta. Kitambaa chenye dawa kilikuwa kimefungwa mkononi mwa mjukuu, pale alipoungua. Alikaa karibu na mlango, mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama bado ni wa chumba kile.

"Umekuja kusikiliza kama napumua?" bibi aliuliza bila kugeuka.

"Ndiyo, Bibi."

Hakuwa amekusudia ujeuri. Ndiyo iliyokuwa kweli, na siku ile alikuwa amechoka na uongo. Bibi aligeuka akamtazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi. Aliona weusi chini ya macho ya mtoto, na mashavu yaliyokonda.

"Kila usiku?"

"Kila usiku, Bibi. Pumzi ikikatika nasubiri. Nisiposikia kitu nakusukuma. Naogopa nikilala nitaamka nikukute..." Hakuweza kumaliza.

Uso mkubwa wa bibi ukakunjamana, akaanza kulia waziwazi, kwa sauti.

"Na mimi nilidhani ndiye ninayekesha nikikulinda wewe," alisema. "Njoo hapa. Njoo, mwanangu."

Zulhumor akamwendea, na wakalia pamoja mpaka wakachoka. Kule kwa Hanifa kokoto ziliendelea kugongana. Usiku ule sumalaki ilipikwa bila mkuu wake kwa mara ya kwanza, na ikatoka salama, jambo lililomfurahisha bibi na kumuudhi pia.

Sikukuu ilipopita walikwenda zahanati wote watatu, Mavluda akiwamo. Zulhumor hakusubiri kuulizwa.

"Daktari, siku ile nilikudanganya. Bibi hukoroma, na pumzi humkatika usingizini. Vile vidonge vilizidisha."

Daktari Rano alikaa nyuma kwenye kiti chake. Hakumkemea. "Ahsante," alisema. "Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Mama, vidonge hivyo acha leo hii. Unapolala, misuli ya koo inalegea na njia ya hewa inajiziba. Mwili ukikosa hewa unakushtua. Ni kama mtu anayegongewa mlango kila anapoanza kusinzia. Asubuhi hukumbuka kugongewa tu, akasema sikulala. Wengi huja hapa wakilalamika kukosa usingizi, kumbe wanakosa hewa. Ndiyo maana kichwa kinauma, shinikizo liko juu, na mchana unasinzia hata mbele ya moto."

"Kwa hiyo si Nabii Khidhri," bibi alisema kwa unyonge.

"Hayo ya mbinguni mimi siyajui, Mama. Nayajua ya koo."

Bibi alicheka kidogo, na hapo Mavluda akapumua.

Bibi alipelekwa hospitali kubwa ya mjini Fergana, akalala huko akiwa amebandikwa nyaya kichwani na kifuani, na asubuhi wakamthibitishia kila alichokisema mjukuu wake. Ikrom akamtafutia mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani, ili koo lisizibe. Daktari akamwambia pia apunguze mafuta ya mkia wa kondoo kwenye pilau, na alale ubavu. La mashine alilikubali. La mafuta ya kondoo lilizua mabishano marefu.

Usiku wa kwanza alijitazama kwenye kioo akiwa na barakoa na mpira wake mrefu. "Mtanionaje? Nimekuwa tembo!" alinung'unika. Usiku wa pili aliivua. Wa tatu Zulhumor alimwambia, "Bibi, ukiivua wewe, mimi nitakesha," naye akaivaa tena. Majuma yalivyopita kichwa kiliacha kumgonga. Akaanza kunywa bakuli la pili la chai, na la tatu, akisimulia habari za ujana wake. Zulhumor naye akaacha kulala kwenye jiografia, ingawa hakuanza kuipenda.

Lililobaki lilikuwa moja, na bibi hakulitaja mpaka Nairuzi nyingine ilipokaribia. Wanawake walikuja kumwomba awe mkuu wa sufuria.

"Mimi siku hizi nalala," aliwaambia akitazama mikeka. "Tafuteni mwingine aliyebarikiwa."

Hanifa aliweka mikono kiunoni. "Shoga, nani kakwambia tulikuwa tunataka macho yako tu? Nani anajua kimea kikomae vipi? Nani anajua moto upunguzwe saa ngapi? Utawasha moto, utatupangia zamu, halafu kalale zako."

Ikawa hivyo. Alisema bismillahi, akatia kokoto, akakoroga duru ya kwanza, akamwita kila mmoja kwa jina na kumpa zamu yake. Giza lilipoingia alijifunga shali.

"Haya, kwaherini. Nakwenda kwa mume wangu," alisema. "Yule mvivu. Tumerudiana."

Ua ulilipuka kwa vicheko, na tuliendelea kucheka hata baada ya lango kufungwa nyuma yake.

Alfajiri sumalaki ilikuwa tayari, imefunikwa, na hatukuthubutu kuifunua bila yeye. Tukamtuma Zulhumor. Alimkuta bibi amelala ubavu, mashine ikinong'ona, pumzi zikienda na kurudi bila haraka. Alikaa kidogo akisikiliza, kwa mazoea ya zamani. Halafu akamgusa bega.

"Bibi, amka. Sumalaki imeiva."

Walitoka kwenda uani. Zulhumor alichukua birika la shaba, akaweka taulo begani, akamimina maji juu ya vidole vile anavyovijua.

"Umeamkaje, Bibi?"

Bibi Oyposhsha alifungua mdomo kutoa jibu lake la siku zote, akalikosa. Maji yaliendelea kutiririka.

"Nimeamka," alisema hatimaye, kama mtu anayeonja neno jipya. "Nairuzi hii nimeamka, mjukuu wangu."

Alijifuta uso taratibu, kisha akaishika mikono ya mtoto, pamoja na birika lake, juu kidogo ya kovu dogo la uji wa moto.

"Sikiliza nikwambie. Siku ile kwa daktari ulinipa heshima, lakini ilikuwa ya uongo, na ingeniua. Siku ya sufuria uliniaibisha kwa kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyonifikisha leo. Mimi nami nilikosa. Nilikipenda kiburi changu mpaka mtoto akaogopa kuniokoa. Mheshimu mkubwa, ndivyo ulivyolelewa. Lakini mkubwa akiumwa, sema, na daktari akiuliza, jibu kama ilivyo, hata huyo mkubwa akununie mwaka mzima."

"Ulininunia siku moja tu, Bibi."

"Kwa sababu nilikuwa na njaa," bibi alisema, akimpa taulo. "Twende sasa. Hanifa namjua, atafunua sufuria bila mimi."